Faini ya Daktari

Faini ya daktari haikimbiwi, huulizwa.

Bi Chiku alimtupia mjukuu wake Kondo maneno hayo asubuhi, aliposikia kwamba kijana ameitwa na meneja wake kazini, na badala ya kwenda amezima simu na kujifungia ndani. Kondo na dada zake wakacheka. Tangu lini daktari akatoza watu faini? Daktari ni trafiki? Bi Chiku hakucheka. Aliweka ungo wa mchele chini, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakanyamaza.

"Chekeni, meno ni yenu," akasema. "Lakini methali hiyo haikuzaliwa siku ya harusi. Ilianza hivi."

Zamani za Mwingereza, katika milima ya Uluguru, kijiji cha Nyingwambe, aliishi mtu aitwaye Mloka. Alilima maharage na ndizi. Hakuwa mvivu wala mlevi. Angekuwa mlevi hadithi hii ingekuwa rahisi kuisimulia, maana mlevi tumezoea kumlaumu.

Miaka ile serikali iliamuru kila mwenye shamba la mlimani achimbe matuta ya kuzuia udongo usiporomoke. Watu waliyachukia matuta yale kuliko njaa. Asiyechimba alitozwa faini, na asiyekuwa na cha kulipa alifungwa. Mloka alichimba nusu ya shamba, mvua zikamkuta. Bwana shamba akaja, Mzungu kijana mwenye uso mkunjufu, akampa mkono, akatabasamu, akatamka neno moja: faini. Mbuzi wa Mloka wakaswagwa hadi bomani, na kwa kuwa hawakutosha, yeye mwenyewe akaenda kuvunja kokoto gerezani. Alipofunguliwa alikuta mama yake amekwisha kuzikwa.

Tangu hapo neno hilo likamkaa mwilini. Kizungu hakukijua, ila lile moja alilijua vizuri mno. Mtu akilitamka hata kwa mzaha, penye bao au penye pombe ya wenziwe, Mloka aliinuka akaenda zake bila kuaga. Watu walimcheka kidogo, kisha wakaacha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hilo halina dawa.

Basi binti yake Semeni, mtoto ambaye bado alikuwa na meno yake ya utotoni, akashikwa na kichomi. Alipumua kwa kukoroma, mbavu zikiingia na kutoka. Mama yake, Hadija, alikuwa amejifungua juzi tu na bado yu ndani, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mtoto hospitali ya bondeni ilimwangukia Mloka. Kabla hajaondoka, Mzee Lukwele, mjomba wa Hadija, alimsimamisha mlangoni. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na baba humlea kwa dhamana.

"Mloka," akasema, "huyo uliyembeba ni mtoto wetu. Umrudishe."

"Nitamrudisha, mkwe."

Hospitali ile ilikuwa ya misheni. Msimamizi wa wodi alikuwa dresa mmoja, mfunga vidonda na mchoma sindano, aitwaye Damasi, mtu mrefu, mkali wa maneno, aliyewahi kusomea upadri akaishia njiani. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili, lakini kwa baba yake alikuwa na onyo.

"Hapa dawa ni zetu peke yake," akamwambia. "Nikikukamata na mizizi yenu ya porini, mimi na wewe tutafikishana mbali. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bwana dresa."

Alikuwa amemsikia, na mizizi ilikuwa kibindoni. Usinilazimishe kumtetea, Kondo, lakini hebu jiweke pale. Mtoto anaungua kama jiko, sindano ya kwanza imechomwa na joto halijashuka, na wewe una dawa iliyowaponya wazazi wako wote. Damasi alipokwenda kula, Mloka aliichovya mizizi katika kikombe cha maji, akamnywesha mwanawe funda moja, kisha akamfuta midomo kwa kiganja.

Sindano zikaendelea. Joto likashuka. Semeni akaanza kuuliza habari za mdogo wake mchanga, ana nywele au hana, na akataka ndizi mbivu. Mloka alifurahi hata akaona haya kwa furaha yake. Lakini kila Damasi alipopita karibu na kitanda, mkono ulimwenda kiunoni, akijua kwamba ile siri bado iko kibindoni.

Siku moja asubuhi akaja daktari mwenyewe. Alikuwa mgeni nchini, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Akaweka mipira yake masikioni, akamsikiliza mtoto mgongoni, akamsikiliza kifuani, akamfunua macho. Kisha akainama, akanusa kile kikombe kilichokuwa juu ya stuli. Pengine alinusa tu kujua kama maziwa yameharibika, nani ajuaye? Halafu akanyooka, akamtazama Mloka, akatabasamu.

"Faini," akasema, akimwonyesha mtoto kwa kidole. Akamgeukia Damasi, akasema maneno mengi ya haraka, na katikati yake likapita tena, "faini, faini." Mwishoni akamwinulia Mloka vidole vitatu, akampiga bega, akaenda kitanda cha pili. Damasi akaandika kwenye kibao kilichoning'inia miguuni pa kitanda, akamfuata daktari mbio, kwa sababu mlangoni walikuwa wameletwa watu wa ajali ya lori.

Mloka alibaki amesimama. Faini tatu! Au miezi mitatu ya kokoto? Lile tabasamu halikumdanganya. Bwana shamba naye alitabasamu.

Kitanda cha jirani alikaa Bibi Kaundime, akimuuguza mjukuu wake aliyevunjika mguu. Alimwona Mloka anamfunga mtoto mgongoni kwa kaniki, mchana kweupe, watu wakiwa kwenye chakula.

"Baba Semeni, unakwenda wapi na mgonjwa?"

"Nyumbani."

"Wamekuruhusu?"

"Wamenitoza faini, mama. Wamegundua jambo. Hukumsikia mwenyewe yule Mzungu?"

"Nimesikia sauti, maana sikuijua. Nenda kwa Damasi ukamuulize. Anapayuka, lakini hali mtu."

"Faini haiulizwi, mama," Mloka akasema, akikaza fundo la kaniki. "Niliuliza mara ya kwanza, nikaambiwa nina ubishi, wakaniongezea. Faini hukimbiwa."

"Na mtoto?"

"Si unamwona? Amepona."

Semeni akiwa mgongoni akamwambia Bibi Kaundime kwaheri, na akasema mguu wa yule kaka upone haraka. Hivyo ndivyo alivyotoka hospitali, anacheka. Wakakata njia ya nyuma, wakaupanda mlima. Mvua ikawakuta katikati ya mwinuko, mvua ile ya milimani isiyopiga hodi. Baba alijivua shati akamfunika mwanawe nalo, yeye akapanda kifua wazi, akimwimbia.

Nyingwambe wakapokelewa kwa vigelegele. Hadija alimshika mtoto mashavu, akamwonyesha mdogo wake, na nywele zilikuwepo. Mzee Lukwele akachinja jogoo. Mloka hakusema neno juu ya faini. Aliona amewashinda, safari hii amewashinda.

Joto lilirudi siku ya pili. Lilirudi na mwenzake, kile kikohozi, na sasa mtoto hakuuliza kitu. Mizizi ikachemshwa, ikachanganywa, ikabadilishwa. Hadija akamwambia mumewe, "Mrudishe bondeni." Mloka akachochea moto chini ya chungu cha mizizi. Hadija akamwambia tena kwa kilio, na hapo ndipo Mloka alipomweleza habari ya faini na vidole vitatu.

"Nikirudi nitafungwa," akasema. "Mara ya kwanza nilifungwa nikampoteza mama. Na wewe uko ndani, na huyu mchanga. Nani atawalimia?"

"Basi nipe nimbebe mimi."

"Damu haijakukauka, utafika?"

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimpenda mtoto yule yule, na muda ukapita. Hadija aliposema basi, nakwenda kumwambia mjomba, Semeni alikuwa amekwisha kuacha kukoroma. Walidhani amelala.

Kesho yake, wanaume wakiwa wanachimba kaburi, mtu mrefu alionekana akija kwenye ule mwinuko, suruali imejaa matope hadi magotini, sanduku dogo la bati begani. Alikuwa Damasi. Watoto wakakimbia kusema, mtu wa serikali anakuja. Mloka akaweka jembe chini. Akatoka kaburini, akaenda kumlaki, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vimeungana.

"Nifunge," akamwambia. "Faini yako nitaitumikia yote. Niache nimalize tu hili shimo."

Damasi alitazama mikono, akatazama kaburi, akaona urefu wake. Akateremsha sanduku polepole.

"Faini gani, ndugu yangu?"

"Ya daktari. Alisema mbele yako. Mara tatu alisema, na vidole vitatu akaniinulia. Kwa ajili ya mizizi."

"Mizizi gani?" Damasi akauliza, kisha akaelewa, akaketi juu ya udongo uliofukuliwa. "Daktari hakujua habari ya mizizi. Alisema mtoto ni mzima. Kwa lugha yao neno hilo maana yake mzima, hali yake njema. Vidole vitatu ni sindano tatu zilizobaki, ugonjwa usije ukamrudia. Hizi hapa, nimezileta. Nimewauliza watu njia tangu jana."

Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wanalia, na kilio chao kilisikika wazi.

"Ningekwambia mwenyewe," Damasi akaendelea, na sauti yake yote ya ukali ilikuwa imekwisha. "Lile lori lilinishika. Niliporudi, kitanda kitupu."

Mloka alikuwa bado amenyoosha mikono. Akaishusha.

"Nieleze neno hilo," akasema. "Lote. Siku ile sikuuliza. Leo nauliza."

"Mloka, acha. Lina faida gani sasa?"

"Nieleze."

Damasi akaona mtu huyu hataondoka pale. Akamweleza kama unavyomweleza mwanafunzi. Akamwambia kwamba Waingereza hulitumia neno hilo kwa mambo mengi. Mtu mwenye afya ni hilo. Siku isiyo na mvua ni hilo. Unga uliochekechwa ukalainika ni hilo, na uzi mwembamba ni hilo, na kitu kizuri ni hilo. Na faini ya bomani nayo ni hilo hilo, ndiyo iliyovuka ikaingia katika Kiswahili. Hayo mengine yote yalibaki kwao.

"Mbona mambo yasiyofanana yapewe jina moja?"

"Shina lao ni moja. Seminari walitufundisha, ni neno la Kilatini. Faini ilikuwa malipo ya kumaliza kesi, na kitu kizuri ni kile kilichofanyiwa kazi hadi kikakamilika." Damasi alitamani angekuwa hakusoma kitu maishani mwake. "Lile shina maana yake ni mwisho."

Mloka akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe masikio yangu yalisikia vizuri," akasema. "Yalisikia mpaka kwenye shina."

Akarudi kaburini, akachukua jembe, akaendelea kuchimba.

Siku ya kuondoa tanga, wazee wa ukoo wa Hadija walikaa barazani, Mloka akaketi chini mbele yao. Ndiyo desturi: mtoto wa ukoo akifa mikononi mwa baba kwa uzembe, baba hujibu, na huweza kutozwa. Mzee Lukwele akamwambia, "Tulikukabidhi mtoto. Tueleze." Mloka akaeleza yote, na kikombe hakukificha. Alipomaliza akasema, "Nitozeni. Mkitaka shamba, chukueni. Mkitaka nivunje kokoto, nitavunja. Maisha yangu yote nimeikimbia faini, leo naiomba."

Wazee wakatazamana. Mzee Lukwele alilia mbele ya watu, mtu mzima yule, bila kujificha uso.

"Hatukutozi," akasema mwishowe. "Tukikutoza utalipa, na ukilipa utakuwa umemaliza. Hatuna cha kukutoza kitakachomaliza jambo hili. Nenda kwa mkeo. Ila tuachie neno la kuwaambia watoto waliobaki."

Mloka akalisema, kwa sauti ndogo hata waliokaa nyuma wakaomba lirudiwe, na Mzee Lukwele ndiye aliyelirudia.

Neno likashuka mlima, likafika sokoni, likafika mjini. Mloka aliishi sana, Kondo, mpaka akawa kipofu. Alikuwa akiketi mlangoni kwake, na kina mama waliotoka kisimani walipita wakiwagombeza watoto wao waliokuwa wanakimbia wasichokijua, na yeye aliwasikia wakisema, bila kujua wanampita nani:

Faini ya daktari haikimbiwi, huulizwa.