Mwigizaji Aliyepata Kampuni Yake

Ndugu zangu, nataka niwaambie habari za mwigizaji mmoja wa tamthilia. Msihangaike kumtafuta ni nani, mfano huu nimeutunga mwenyewe. Lakini sikilizeni kana kwamba mnamjua.

Alikuwa binti wa miaka ishirini alipopata nafasi yake ya kwanza kwenye runinga. Alipewa kuwa mfanyakazi wa ndani: aingie na sinia, aweke chai mezani, atoke. Wiki sita hakusema neno. Lakini kwa namna alivyokuwa akiiweka ile chai, watu wakaanza kuulizana, huyu dada ni nani? Wakamwongezea maneno mawili, matatu, mpaka akawa na kisa chake mwenyewe.

Ndipo mtayarishaji, yule mwenye tamthilia, akamwita hotelini. Akamwambia njoo chumbani tupitie skripti. Binti akajibu, "Skripti tunaweza kuipitia hapa mapokezi, bosi." Hakupanda. Mnajua alifanywa nini? Wiki iliyofuata yule mfanyakazi wa ndani akagongwa na gari kwenye tamthilia, akafa. Hata mazishi hayakuonyeshwa. Binti akarudi kwao akauza mitumba miaka miwili, na wateja wanamwambia, "Wewe si yule uliyekufa?"

Hakukata tamaa. Kampuni nyingine ikamchukua, akaigiza mke wa pili mwenye roho mbaya kwa miaka tisa. Aliigiza vizuri mno, hata akina mama sokoni wakawa hawataki kumuuzia nyanya. Siku ambazo hakuwa na sehemu ya kuigiza, hakwenda kupiga soga. Alisimama nyuma ya mwongozaji, akaangalia anavyopanga kamera na anavyomtuliza mtu aliyesahau maneno yake. Mwongozaji alipougua, yeye ndiye aliyeiongoza kazi, na hakuna mtazamaji aliyeona tofauti. Kuanzia hapo akawa mwongozaji. Alipofika miaka arobaini akafungua kampuni yake, akawa mtayarishaji.

Siku ya kwanza aliwakusanya waigizaji wake wote, akawasimulia habari ya ile hoteli. Akawaambia, "Kwangu mimi skripti inasomwa mezani na mlango uko wazi. Atakayekuomba kitu kingine, njoo uniambie. Ataondoka siku hiyo hiyo." Wasichana walilia. Na hakuwa anadanganya, maana aliwahi kumfukuza mpiga picha mmoja kwa kosa hilo. Mpiga picha, naomba mkumbuke, ni rahisi kumpata mwingine.

Kisha ikaja tamthilia iliyompa jina. Ndani yake kulikuwa na mwigizaji mmoja mwanamume, anaigiza daktari, nchi nzima inampenda. Wagonjwa wa kweli walikuwa wakimpigia simu kumwuliza dozi. Wadhamini walikuja kwa sababu ya sura yake.

Asubuhi moja, binti aliyeigiza nesi akabisha hodi ofisini kwa mtayarishaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Akamweleza kwamba daktari amemwita nyumbani kwake mara tatu, na mara ya tatu amemshika mkono na kumwambia asipokuja, ataomba aletewe nesi mwingine.

Mtayarishaji akasema, "Mwanangu, hii kazi ina mambo yake. Vumilia kidogo. Tumebakiza vipindi kumi na viwili tu."

"Mama, na wewe ulivumilia?"

"Mimi nilikataa."

"Na mimi nimekataa," binti akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Mnasikia, ndugu zangu? Yule mama alipokataa, hakuwa na mtu wa kumwendea. Huyu binti alikuwa naye. Amesimama mbele yake, amekuja mahali pale pale alipoambiwa aje.

Mama akamwambia, "Nimekusikia. Nitaongea naye." Akaongea naye kweli. Alimpitia kwenye chumba cha kujipamba, wakanywa chai, wakacheka, akamwambia, "Punguza utani na mabinti, baba." Utani. Mtu aliyeuza mitumba miaka miwili kwa sababu ya jambo hilo, leo analiita utani. Baada ya siku tatu mwandishi akamletea kurasa mpya: nesi amepata uhamisho wa mbali, harudi tena. Mama akazisoma, akachukua kalamu, akasaini.

Alipoulizwa kwa nini, alisema tamthilia ile inalisha familia sitini. Na ni kweli, inazilisha. Hiyo ndiyo hoja inayonikasirisha kuliko zote, kwa sababu ukiisikia haraka haraka utadhani ni huruma.

Naona nyuso zenu. Mmemkasirikia. Kuna mama hapa mbele anatikisa kichwa tangu nilipotaja ile kalamu. Vizuri, hasira hiyo ishikeni, msiiachie bado.

Mwezi wa pili mwaka huu, katika usharika wetu huu, binti mmoja wa kwaya alikuja na mama yake mbele ya wazee wa kanisa. Jina lake sitalitaja, na anayelijua naye asilitaje. Alikuja kutueleza anayofanyiwa na mwalimu wa kwaya baada ya mazoezi. Tulikuwa wazee wanne, na mimi mchungaji wenu ndiye wa tano. Tukamsikiliza. Mmoja wetu akasema, "Binti yangu, labda umeelewa vibaya, yule ni mtu wa watu." Mwingine akasema Pasaka imekaribia na kwaya yetu ndiyo iliyochaguliwa kuimba kwenye mkutano wa dayosisi. Na mimi? Mimi nilisema tuombe. Nikafumba macho, nikaomba maombi marefu, mazuri, ili yule binti asipate nafasi ya kuongea tena.

Sasa niambieni, yule mtayarishaji ana kosa gani ambalo sisi hatuna? Yeye alisaini karatasi. Sisi tulisema amina.

Pasaka kwaya iliimba, mkapiga vigelegele. Binti hajakanyaga hapa tangu siku ile, na katika usharika mzima hakuna aliyeuliza yuko wapi. Tulihesabu sauti tukaona zinatosha.

Nimechoka kuhubiri dhambi za watu wa runinga. Jana asubuhi nilikwenda kwa yule binti na mama yake. Nilipiga magoti nikasema nimewakosea. Mama yake hakuniambia niinuke, na alikuwa na haki. Baadaye, kwa ridhaa yao, tulikwenda sote watatu polisi, kwenye dawati la jinsia. Binti akatoa maelezo yake, na mimi nikaandika yangu, pamoja na yale niliyoyajua nikayanyamazia. Mwalimu wa kwaya nimemsimamisha. Ndiyo maana leo hamkusikia kwaya. Wapo walioniambia asubuhi hii kwamba ibada imepooza. Basi na ipooze.

Tukimaliza hapa nitakaa ofisini, na mama mchungaji atakuwepo. Binti yeyote, kijana yeyote, mzazi yeyote aliyewahi kuleta neno kwetu akaambiwa avumilie, aje. Ataongea mpaka amalize. Na mzee wa kanisa atakayetaka kumkatiza kwa maombi, atoke nje akaombe huko.