Kiboko Mwenye Shamba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko yao, milango yao na majirani wa kugombana nao, Mwalimu Korongo alifungua darasa la Kiingereza ukingoni mwa mto.

Alifundisha amesimama kwa mguu mmoja, akipayuka. "Mai ni yangu! Yoa ni yako! Awa ni yetu! Semeni!"

"Mai! Yoa! Awa!" wakaitikia wote.

Bwana Kiboko alikaa nyuma kabisa, amejaza benchi peke yake. Alitoka pale na maneno mawili tu, mai na yoa, na hayo mawili akayatumia vibaya kuliko mnyama yeyote aliyewahi kwenda shule. Sikilizeni wenyewe.

Mwaka huo Bi Kindi, mjane mwenye watoto wadogo wadogo, alikubaliana na Fuko, Kanga na Kiboko walime shamba moja la mahindi. Kazi ya wote, mavuno ya wote. Kiboko ndiye aliyekubali kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Siku ya kulima ikafika. Fuko kaja na ukoo wake mzima. Kanga kaja na kundi lake lote. Kindi kaja na mtoto mgongoni. Pu! Pu! Pu! Majembe ardhini. Kiboko yuko mtoni, yanaonekana macho tu na pua.

"Bwana Kiboko! Jembe lako hili hapa!" Kindi akaita.

"Yoa jembe," Kiboko akajibu, akapuliza maji, pwaaa! "Yoa shamba. Yoa jua. Mimi mai maji."

Palizi ikafika. Wenzake wameinama mpaka viuno vinawaka moto. "Yoa magugu!" anawapigia kelele kutoka mtoni. Ndege wakavamia mahindi mabichi, Kindi akashinda akikimbia na kupiga debe, ti-ti-ti-ti! "Yoa ndege!" anasema Kiboko, anacheka mpaka maji yanatikisika.

Haya. Mahindi yakakauka, wakayavuna, wakayabeba, wakayajaza ghalani. Kindi alikuwa bado anafuta jasho aliposikia kishindo nyuma yake. Di! Di! Di! Kiboko huyo, katoka mtoni, maji yanamchuruzika. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa ghala, akaketi. Mlango ukajaa yeye.

"Mai mahindi," akasema.

"Umesemaje?"

"Mai mahindi. Mai ghala. Mai shamba. Mai, mai, mai! Nendeni zenu."

"Huna haya wewe?" Kindi akafoka. "Hata gugu moja hujang'oa!"

"Lakini nimekalia mlango. Nisukume basi. Sukuma, mama, sukuma."

Kindi akasukuma, kweli tena! Aliegemeza bega lake dogo kwenye lile tumbo, akasukuma mpaka kucha zikachimba mchanga. Kiboko akapiga mwayo.

"Twende, mama," Fuko akamnong'oneza. "Yule akitukanyaga tutakuwa chapati."

Nyumbani watoto wa Kindi walikuwa wanalilia chakula. Kiangazi ndicho hicho kimeingia, na Kindi hakuwa na akiba nyingine ila iliyokuwa nyuma ya lile tumbo. Akameza hasira, akarudi ghalani.

"Bwana Kiboko, nakuomba hindi moja tu nikawapikie watoto uji."

Kiboko akanyoosha mkono ndani, akatoa hindi kubwa lenye punje zilizojaa. Akalitazama. Akamtazama Kindi. Akalitia mdomoni.

"Mai hindi," akasema huku anatafuna. Krau, krau, krau.

Mimi nikifika hapa, wanangu, damu hunichemka. Mtu aliye na njaa na akala, hiyo naielewa. Lakini huyu alikula mbele ya mama mwenye njaa ili tu amwone uso wake utakavyokuwa!

Kindi hakulia. Aliondoka mkia umesimama kama ufagio, na njiani akawa anajisemea, "Mwenye shamba! Ati mwenye shamba! Ngoja. Mwenye shamba!" Mara akasimama. Akacheka, tsi-tsi-tsi, akakimbilia kwa Fuko na Kanga.

Maana Kiboko alikuwa na tabia moja. Kila palipokuwa na ujima, yaani mtu akiwaita majirani wamlimie, yeye alifika sufuria zikiepuliwa. Kula kwenye ujima alijua sana. Kuita ujima mwenyewe, hajawahi hata siku moja.

Asubuhi Kindi akaenda ghalani, amejitanda kanga safi.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Hindi sitoi."

"La, sikuja kuomba. Nimekuja kukuonya. Huko kijijini wanasema shamba si lako."

"Nani anasema?" Kiboko akanguruma.

"Wote! Wanasema eti ni la shirika. Wanakucheka, bwana. Mimi nikawaambia, nendeni mkamsikie mwenyewe kwa kinywa chake. Wanakuja."

Kweli walikuwa wanakuja. Swala, Nyani, Ngiri, kundi zima la Kanga, ukoo mzima wa Fuko, na Mwalimu Korongo mbele yao. Kiboko akasimama, akatanua kifua.

"Sikilizeni! Shamba hili ni mai! Mahindi ni mai!"

"Waambie kwa Kiswahili pia, bwana," Kindi akasema kwa upole. "Wengine hawakwenda darasani."

"Ni langu! Lote!"

"Tangu siku ya kulima?"

"Tangu jembe la kwanza!"

"Na sisi tuliolima, tukapalilia, tukavuna, tulikuwa nani?"

"Nyinyi?" Kiboko akacheka. "Nyinyi mlikuwa mnanilimia tu!"

Kindi akapiga vigelegele. "Lililililili! Jamani, mmesikia? Mwenye shamba amesema! Alituita ujima, nasi tukamlimia! Leteni sufuria!"

Kumbe sufuria zilikuwa zimefichwa vichakani! Kang! Kang! Zikatoka na mafiga, kuni na vinu.

"He! Mnafanya nini?" Kiboko akauliza.

Mwalimu Korongo akakohoa. "Bwana Kiboko, desturi ya ujima unaijua, umeila miaka mingi. Mwenye shamba huwalisha waliomlimia mpaka washibe. Na kila mmoja huondoka na mzigo wa kumtosha nyumbani kwake. Sogea mlangoni."

"Sisogei!"

Hapo kijiji kizima kikamgeukia. Ngiri aliyekuwa amemlisha Kiboko kwenye ujima wake akapiga hatua mbele. Swala aliyemlisha, mbele. Nyani aliyemlisha, mbele. "Kwetu ulikula!" wakasema. "Kwetu ulikomba hata ukoko! Leo kwako unakalia mlango?"

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Akasogea.

Tuseme nini tena? Mahindi yalitoka ghalani kama maji. Yalitwangwa, yakapikwa, yakachomwa, yakaliwa. Kundi la Kanga lilidonoa, do-do-do-do, ukoo wa Fuko ukafunga mizigo. Kiboko akaanza kuzunguka zunguka kando ya moto.

"Jamani, tulielewana vibaya. Shamba lilikuwa letu! Tugawane! Letu sote!"

Hakuna aliyegeuka.

Akamwendea Kindi, aliyekuwa anafunga mzigo wake, watoto wamemzunguka, midomo imejaa.

"Bi Kindi, dada yangu. Hata hindi moja?"

Kindi akalichukua hindi la mwisho, akaligeuza geuza.

"Jana nilisimama hapo uliposimama," akasema. "Wanangu hawakuwa wamekula. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Kiboko akalikodolea macho lile hindi.

"Sitakujibu hivyo. Wewe ndiye mwenye shamba, na mwenye shamba hula baada ya wageni wake kushiba." Akawageukia wanawe. "Haya, mmeshiba?"

"Bado!" wakapiga kelele wote kwa pamoja.

Akalivunja hindi vipande, akawagawia, akajitwika mzigo wake, akaenda zake nyumbani. Kiboko akabaki na mabua.

Nami nawaambieni: anayetaka kuitwa mwenye mali, auchukue na mzigo wa mwenye mali.