Mji Aliopewa Chui

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifunga milango na kupeleka watoto shule, Chui alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Jirani yake, Fisi, alisimamia mtihani.

Mtihani ulikuwa na swali moja. Aliyekosa hakurudi kwao. Mwanafunzi wa kwanza, Mwagu, alikosa. Dada yake Tumbe akakosa. Siku ya tatu aliitwa mdogo wao, Pimbi.

"Pimbi ambaye anakaa mwambani," alisema Chui. "Hilo 'ambaye' kwa Kiingereza, ni who au which?"

Pimbi alikuwa amesikia yote dirishani. Mwagu alijibu who, akaambiwa, "Hilo la watu. Wewe mtu?" Tumbe alijibu which, akaambiwa, "Hilo la vitu. Mama yako kitu?" Kisha mifupa, kwaru, kwaru.

"Jibu, mwanangu," alisema Fisi, akimeza mate. "Watoto wananingoja."

"Mwalimu, hiki kitendawili," alisema Pimbi. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

Chui alicheka. Desturi aliijua tangu utoto: anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiupokea hujisifu alivyostarehe huko, kisha hutoa jibu.

"Mji gani? Usinipe shimo la panya."

"Nakupa pango la Bwana Fisi, na vyote vilivyomo."

Fisi aliinua kichwa. Chui hakumtazama. Siku zote alipunjwa nyama na jirani huyu.

"Nimeupokea. Nimekwenda, nimelala kitandani, nimekula nyama ya uvunguni. Nikashushia na watoto waliokuwa wakiilinda."

"Watoto wangu?" aliuliza Fisi taratibu.

"Mchezo tu, jirani."

"Na nyama niliyoificha uvunguni, nani alikwambia?"

Chui alirudi nyuma hadi ubaoni.

"Mwalimu, jibu langu?" aliuliza Pimbi.

Fisi alikwisha kuruka. Gwaa! Madawati pu, pu, ubao ukapasuka. Pimbi aliangua ukutani vibao viwili vya kuandikia vya nduguze, akapita chini ya mlango. Nyuma yake zilisikika sauti mbili, kisha moja, kisha hakuna.

Nyumbani mama yake alimpokea mlangoni.

"Umefaulu?"

"Nimerudi, mama."

"Na wenzio?"

Pimbi aliweka vibao mkekani, cha Mwagu na cha Tumbe, kimoja kando ya kingine. Mama alivifuta vumbi. Maandishi hakuyagusa.

Basi, wanangu: mlafi hupokea hata mji utakaomzika.