Mhadhiri Aliyejigandisha

Ni lini mara ya mwisho ulisema "sijui" mbele ya mtu unayetaka akuheshimu? Usinijibu mimi. Jirani yako hapo kwenye benchi anakufahamu.

Kulikuwa na mhadhiri mmoja wa uhandisi. Ukumbini alikuwa simba. Akichora daraja ubaoni, hakuna aliyethubutu kukohoa. Chuo kilipohamishia masomo mtandaoni, wenzake wakawa wananong'onezana hofu zao kwenye chumba cha chai. Yeye akakoroga chai yake, akasema, "Kwani kuna nini? Ni kufundisha kulekule, ila umekaa."

Semina ya mafunzo hakwenda. Aende kufundishwa na nani?

Basi akaketi sebuleni mbele ya kamera ya kompyuta, tai shingoni, kikoi kiunoni, akaanza. Maneno yakatiririka, mpaka binti mmoja mpole darasani aliposema, "Samahani Dokta, mchoro hatuuoni."

Akabonyeza hapa, ikatokea picha ya harusi ya shemeji yake. Akabonyeza pale, hata hiyo ikapotea. Jasho likamtoka. Ndipo akaganda: mdomo wazi, kidole hewani, hata kupepesa macho hapepesi, pazia tu nyuma yake likipepea.

"Dokta kakatika," wanafunzi wakaambiana. "Mtandao huo." Wakaondoka mmoja mmoja.

Ikawa ndiyo dawa yake. Kila akiulizwa mchoro, anaganda. Mtihani ukakaribia, na vijana hawajaona hata nguzo moja ya daraja. Mnacheka? Hayo madaraja watakayojenga tutapita akina nani?

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani, yule binti akauliza tena. "Dokta, tutafeli. Tuonyeshe mchoro mmoja tu."

Mhadhiri akaganda.

Sasa, mama yake mzazi alikuwa amekuja kumsalimu. Akatoka jikoni na sahani ya mihogo, akamkuta mwanawe kakodoa macho, kidole juu.

"Baba, karibu mihogo."

Kidole kikabaki juu.

"Baba?" Akapunga mkono mbele ya uso wake. Hakuna kitu. Sahani ikamponyoka. "Jamani, mwanangu kapooza."

Darasa zima linasikia. Na yeye, ndugu zangu, bado anapiga hesabu: heshima iende, au mama alie kidogo tu mpaka vijana waondoke?

Na sisi tupo palepale. Mkeo anakuuliza jambo, unaganda. Mtoto anauliza habari za Mungu, unaganda, halafu unasingizia kazi. Tunadhani tunalinda heshima, kumbe wanaotutegemea wanaingia mtihanini mikono mitupu, na wanaotupenda wanatulilia tungali hai. Tena Mungu humdanganyi kwa kutopepesa macho. Pazia nyuma yako analiona linapepea. Aibu ya kusema "sijui" ni ya dakika moja. Kuganda ni kazi ya kila siku, na inachosha. Kwa nini tusipumzike?

Mama alikuwa ameanza kumlegezea tai ili apate hewa, machozi yakimdondokea mwanawe begani. Mhadhiri akapepesa macho. Akaushika ule mkono.

"Mama, mimi mzima." Kisha akaigeukia kamera, na kwa mara ya kwanza tangu masomo yaanze, mabega yake yakashuka. "Na mtandao nao mzima, wanangu, tangu siku ile ya kwanza. Nilikuwa najigandisha. Kuonyesha mchoro sijui."