Mbegu za Nyati Zilizonuka Moshi

Hapo zamani za kale, kale mno, na wewe mwenye mkono juu usiniulize mwaka gani, Nyati alikuwa na shamba kubwa kuliko wanyama wote. Nguvu anazo, jembe analo, mke anaye. Akili pia alikuwa nayo, ila akiingiwa na wasiwasi inamtoka yote. Huyu Nyati ananiudhi hata leo!

Mwaka huo mvua ilichelewa siku tisa. Mbegu za mahindi zilining'inia jikoni juu ya mafiga, ili moshi uzikinge na wadudu. Mkewe, Mama Ndama, alizifukiza miezi mitano mpaka zikawa nyeusi tii. Hawakuwa na nyingine.

Sasa kulikuwa na Nguchiro, kidogo hivi, angeenea ndani ya kibuyu. Mbegu zake alikwisha kuzitafuna zote. Asubuhi moja akaja.

"Hodi! Kaka Nyati, umesikia? Mvua mwaka huu haiji!"

"Nani kasema?"

"Wote wanasema!"

Wasiwasi ukamwingia Nyati, vuu! Uji akausukuma pembeni. Usingizi hakuupata. Shambani akalima tuta lilelile mara mbili, kisha, ka! akajipiga jembe kwenye ukwato.

Kesho yake Nguchiro huyo tena: "Haiji!" Keshokutwa: "Haiji!" Siku ya tano Nyati macho mekundu, masikio yamelegea, kichwa kinamgonga gwa! gwa!

"Nakuonea huruma, kaka," akasema Nguchiro. "Nina vikapu viwili vya makopa, muhogo mkavu safi. Chukua, wanao wale. Mimi nipe hizo mbegu tu."

"Baba Ndama!" mkewe akapiga kelele. "Kula kwanza! Lala kwanza! Kesho tutaamua!"

"Kesho tutakuwa tumekufa!" Nyati akafoka, akazishusha mbegu zote. Zote! Hata konzi moja hakubakiza. Jamani!

Mama Ndama alipika ugali wa makopa kwa hasira, akautua mbele ya mumewe, pu! Nyati akala sinia zima, akalala mpaka kesho yake mchana. Akaamka kichwa chepesi, akakaa kitako.

"Mama Ndama."

"Nini tena?"

"Kama mvua haiji, Nguchiro anataka mbegu za nini?"

"Sasa ndiyo unauliza!"

Ningekuwa mimi ningemtupia mwiko. Yeye alimtupia kweli.

Huko mlimani wingu jeusi lilikuwa limeanza kupanda. Wakaenda mbio hadi nyuma ya nyumba ya Nguchiro, na Mama Ndama akasema kwa sauti kubwa:

"Umesikia, mume wangu? Mfalme Tembo anapita nyumba kwa nyumba kunusa mbegu! Mwenye mbegu za moshi na hana mafiga, huyo ni mwizi, atakanyagwa!"

Wakaondoka zao. Nguchiro, ambaye siku zote alikula chakula kibichi na hajawahi kuwasha moto maisha yake yote, akanusa nyumba: moshi. Akanusa mkia wake: moshi! Wasiwasi ukamwingia, vuu! Akazika mbegu, akazifukua, akazizika tena. Chakula hakukigusa, wala hakulala. Kulipokucha akatimka hadi kwa Nyati na mzigo kichwani, akaubwaga, puu!

"Chukueni! Chukueni kabla Tembo hajafika!"

"Umemwona huyo Tembo?" Nyati akauliza.

"Hapana."

"Sasa nani kasema anakuja?"

"Wo... wote wanasema!"

Nyati akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo hapo mvua ikaanza kudondoka, to! to! to! Nguchiro akaangalia juu, akaangalia mzigo wa mbegu, akaelewa.

"Basi nirudishieni makopa yangu!"

"Tumeyala," akajibu Mama Ndama, jembe begani, mbegu kwapani. "Pole, shemeji. Nenda ukale kidogo, ulale, kesho akili itarudi."

Wakampita mlangoni, mume na mke, wakaenda kupanda.

Haya, mmesikia ninyi? Mwenye wasiwasi asiuze wala asinunue kitu kabla hajala na kulala.