Diski Iliyoitwa Mkaa Bure

Asiye na chake ndiye mwenye cha wote. Mmeisikia leo ikisemwa, mkatazamana, na mmoja wenu akauliza kama ni ya kale au imetoka mitandaoni. Si ya kale, wala haikutoka kwa sultani au kwa sungura. Ilitoka Tabora, mtaa wa Isevya, katika nyumba ya marehemu Mzee Lubala. Wengi waliokuwapo siku ile wangali hai, na kila mmoja huisimulia kwa kujiongezea sifa kidogo. Mimi nitawapa kama alivyoiona Kalunde, binti wa nyumba ile, maana ndiye aliyejua kabla ya wote ni nini kilikuwa kinapotea. Kaeni vizuri, chanzo chake ni hiki.

Kalunde alifanya kazi katika duka la kompyuta zilizotumika. Siku moja alirudi nyumbani na kasha zito la kompyuta lisilo na kioo, akaliweka kwenye kona ya sebule, akalijaza diski nne. Akasema hiyo ni seva, ghala la nyumba nzima. Simu za nyumba ile zilikuwa na bahati mbaya: hii imeibwa sokoni, ile imetumbukia chooni, na kila iliyopotea ilikwenda na picha zake. Tangu sasa, alisema, kila kitu kitatunzwa mahali pamoja, na simu zifutwe ziwe nyepesi.

Ndani ya ghala lile alikata mafungu. Palikuwa na fungu la kaka yake Mihayo, limejaa mechi za mpira na filamu za ngumi. Palikuwa na fungu la ukoo, la harusi na misiba. Kila mtu alifungua fungu lake kwa simu, hata akiwa jikoni, na la mwenzake haligusi mpaka apewe ruhusa. Lakini fungu lililotunzwa kama mboni ya jicho lilikuwa la mama yao, Mama Nyamizi.

Mama Nyamizi alikuwa kipofu. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, hata ikaisha. Tangu hapo, kila asubuhi, Mzee Lubala alikaa naye barazani akamweleza anachokiona: wingu limekaa upande gani, nani amepita na amevaa nini, mbuzi wa nani amevunja ua. Hakuwa msemaji mzuri. Alikohoa, alisita, alibishana na alichokuwa akikiona. Kalunde alizoea kuwarekodi kwa simu bila kelele, kisha akaziweka zile asubuhi kwenye fungu la mama yake. Mzee alipofariki, zile asubuhi ndizo macho pekee aliyobaki nayo mama yule. Kila jioni Kalunde alimfungulia moja, naye alisikiliza huku ametulia kabisa, akitazama kwa masikio.

Sasa sikilizeni habari ya zile diski. Tatu kati ya hizo zilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa jina: MIHAYO, UKOO, MAMA. Kalunde alitaka hivyo, kila diski na watu wake. Ya nne haikuwa na jina. Ukiifungua hukuti picha, hukuti wimbo. Mihayo aliipa jina la Mkaa Bure, yaani akaaye bila kazi, na hakupita wiki bila kuitania.

"Wenzake wanabeba, yeye anakula umeme," alikuwa akisema. "Nipe niwekee mechi zangu."

Kalunde alimweleza kwa mfano wa karanga. Watu watatu wametoka shambani, kila mmoja na kikapu chake. Wa nne hana kikapu, ila amehesabu karanga za wote na anaijua jumla. Mmoja akiteleza mtoni na kikapu chake kikazama, unachukua ile jumla, unatoa vikapu viwili vilivyobaki, na unajua kamili kilichozama ni kiasi gani. Ile diski isiyo na jina ndiyo mwenye jumla.

"Hesabu hailiwi, dada," Mihayo alijibu, na wote wakacheka.

Kalunde alicheka pia, lakini moyoni neno lile lilimchoma. Maana ukweli ni kwamba alikuwa amesoma habari ya diski ya jumla, akaiamini, akaiweka kama alivyoelekezwa, lakini hajawahi kuiona ikifanya kazi. Kuijaribu kulitaka uchomoe diski nzima yenye afya, na nani ang'oe jino zima ili kujaribu dawa?

Ikafika siku ya kuanua matanga ya Mzee. Nyumba ilijaa. Ile seva ilizimwa, ikasogezwa varandani ili wageni wapate pa kutandika mikeka. Na panapo msiba wa Mnyamwezi, mtani hakosi. Mtani wa nyumba ile alikuwa Mzee Pazi Kondo, Mzaramo aliyekuja Tabora ujanani na reli, akaoa huko na akazeekea huko. Yeye na marehemu walitukanana kwa mapenzi miaka yote. Ninyi mnajua desturi, na asiyejua ajue: mtani msibani ana ruhusa ya kufanya atakalo. Ataigiza marehemu alivyotembea, atavaa kofia yake, atanyakua kitu cha nyumba na kudai kikombolewe kwa kuku au soda. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Kumkasirikia mtani ni kuvunja udugu.

Pazi alivaa kofia ya marehemu, akachechemea kama yeye, akapita vyumbani akitafuta cha kunyakua. Alipofika varandani akaiona seva, akauliza ni mdudu gani huyu. Diski zake zilichomekwa kwa mbele kama saraka za kabati, unavuta tu. Mihayo, kwa mzaha, akamwonyesha ile isiyo na jina.

"Chukua hii, mtani. Haina kitu, tumeichoka."

Pazi akaitazama akaipita. Alisema mtani haibi kisicho na uchungu. Akasoma zile plasta moja moja, kidole kikafika penye MAMA, akavuta.

Alitoka nayo uwanjani akiiinua juu, akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa, akaanza kumwigiza marehemu akimsimulia mkewe. Akakohoa kama yeye, akasita kama yeye, akasema anaona Wanyamwezi wamekuja kula wali na hakuna hata mmoja aliyeleta kuni. Watu walivunjika mbavu. Mama Nyamizi mwenyewe, pale alipokuwa amekaa mkekani, alicheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu maziko. Kalunde alikuwa akitoka jikoni na sinia. Akamwona mama yake anacheka, akafurahi. Kisha akaona alichoshika Pazi.

Hakupata nafasi ya kumwonya. Kinu kilibiringika. Mzee Pazi alianguka chali, hakuumia, lakini diski ilimponyoka ikagonga pembe ya msingi wa nyumba, ikaruka, ikagonga tena. Watu wakacheka zaidi wakidhani ndiyo michezo yenyewe. Pazi akaiokota akaitikisa, na ndani yake vitu vikalia kama mbegu katika kibuyu.

Kalunde aliweka sinia chini. Hasira ilimpanda, naye akaimeza, maana huyo alikuwa mtani. Pazi akamwona uso. Akavua kofia ya marehemu akauliza taratibu amevunja nini. Alipojibiwa kwamba ni sauti ya Mzee, zile asubuhi zote, na kwamba hakuna nyingine popote kwa kuwa simu zilikuwa zikifutwa, yule mzee mwenye maneno mengi kuliko redio alikosa la kusema. Na mtani akinyamaza, watu wote husikia.

Mama Nyamizi aliusikia ule ukimya. Akauliza kuna nini. Pazi mwenyewe alikwenda, akapiga magoti mbele yake, akaiweka ile diski mikononi mwake na kumwambia. Mama aliipapasa, akaitikisa kidogo, akaisikia ikilia. Hakulia. Aliikumbatia tu, na kumtazama hivyo ilikuwa vibaya kuliko kilio.

Mihayo hakuweza kuvumilia. Ni yeye aliyempeleka mtani kwenye seva. Alirudi varandani mbio, akashika ile diski isiyo na jina, akitaka kuichomoa. Alisema walau hii tupu iwekwe mahali pa ile ya Mama, wapite kwa majirani wakakusanye chochote kilichosalia kwenye simu zao. Alikuwa ameshaanza kuivuta Kalunde alipomdaka mkono.

"Kaka, toa mkono."

"Si haina kitu?"

"Ukiichomoa hiyo, ndipo tumemzika Baba mara ya pili."

"Kwa hiyo Baba yumo humu?"

"Hayumo. Wala hayumo kwenye yako, wala kwenye ya ukoo," Kalunde alisema. "Lakini zikikaa zote tatu pamoja, huenda yumo."

Mihayo aliachia mkono, na Kalunde akaisukuma ile diski ikarudi mahali pake.

Walilibeba kasha wakaliweka mkekani karibu na mama yao, nyaya zikavutwa kutoka dirishani. Kalunde akaliwasha. Diski zikaanza kuvuma, tatu badala ya nne, na pale palipokuwa na ile ya Mama palibaki tundu lenye giza. Kwenye simu yake likatokea onyo jekundu: diski moja haipo, je, waendelee bila hiyo? Akabonyeza ndiyo. Akafungua fungu la mama yake akijua atakuta patupu.

Zilikuwapo. Asubuhi zote zilikuwa zimejipanga pale, kila moja na tarehe yake, kama vile hakuna aliyezigusa. Kalunde alitazama kwenye skrini, akaitazama diski iliyovunjika kwenye mapaja ya mama yake, akarudi tena kwenye skrini. Akagusa moja.

"Mwangaluka, Nyamizi," sauti ya Mzee Lubala ikaamkia kwa Kinyamwezi, kisha ikakohoa. "Leo kuna ukungu. Jirani ameanika mihogo juu ya bati, na kunguru ameshaiona. Subiri kwanza. Ameshuka. Amechukua kipande. Sasa jirani anamrushia kandambili... ah, kandambili imebaki juu ya bati."

Wengine waliokuwa wamekaa walisimama, na Mzee Pazi alirudi nyuma hatua, mkono kifuani, akinong'ona jina la Mungu. Mihayo alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha, anaitazama ile diski isiyo na jina kama mtu aliyekuwa akimtuma mgeni kuteka maji, kisha akaambiwa huyo ndiye mkwe wake. Kalunde mwenyewe, aliyeijua elimu yake, alishikwa na kicho kuliko wote. Ni sasa tu alipopata jibu la lile neno la kaka yake. Karanga ukizijua hesabu bado una njaa. Lakini ndani ya diski hamna karanga. Sauti ni hesabu, kikohozi ni hesabu, kunguru naye ni hesabu, kwa hiyo ukiipata hesabu iliyopotea umekipata kitu chenyewe, kizima, na kikohozi chake. Alikuwa ameyasoma hayo. Kuyasoma na kuyasikia yakimtamkia mama yake mwangaluka ni mambo mawili.

Mama Nyamizi alikuwa bado ameikumbatia ile iliyovunjika.

"Mwanangu," alisema, "sauti iko hii niliyoshika?"

"Hapana, Mama. Hiyo imekufa."

"Basi nani anasema?"

"Kuna moja ambayo haikuwahi kuiweka sauti ya Baba hata siku moja. Inajua jumla tu. Sasa inawauliza wenzake wawili walichonacho, inatoa, na kinachobaki ndicho Baba. Inafanya hivyo sasa hivi, neno kwa neno, anavyosema."

Mama akauliza, "Na wale wawili wasingekuwapo?"

"Isingeweza kitu, Mama. Peke yake ni kelele tupu."

Kazi haikuishia pale. Kalunde aliwaeleza kwamba sasa wako kwenye uzi mwembamba: ikianguka moja zaidi, hakuna hesabu itakayowaokoa, kwa hiyo panatakiwa diski mpya, na seva iachwe iimwagie yote upya bila kukatizwa. Desturi husema mfiwa ndiye amlipe mtani ukombozi, lakini siku ile Mzee Pazi alisema atalipa yeye. Alikwenda mwenyewe mjini na Kalunde akaleta diski mpya, kisha akaleta betri kubwa ya sola ya nyumbani kwake, maana umeme wa mtaa ule haukuwa wa kuaminiwa. Diski ilipochomekwa na kazi ikaanza, alitandika mkeka mbele ya kasha akalala hapo. Aliyepita na fagio alifukuzwa. Aliyekohoa karibu aliulizwa ana haraka gani. Utani wake ulikuwa umerudi, lakini akiongea na lile kasha alilipa heshima, akaliita shemeji.

Kazi ilipokwisha na onyo jekundu likazimika, Mama Nyamizi aliomba apelekwe karibu. Kalunde alimshika mkono akamwekea vidole juu ya diski moja baada ya nyingine, naye akazihisi zinavyovuma. Hii ya Mihayo. Hii ya ukoo. Hii mpya, ndiyo yako sasa. Mama akauliza ile isiyo na jina iko wapi. Akapelekewa mkono, akauacha pale muda mrefu. Ilikuwa ya moto kuliko wenzake, kwa kazi iliyofanya.

Mihayo alileta plasta na kalamu. Akauliza, kwa sauti ndogo, aiandike jina gani.

"Usiandike," mama yake alisema. "Ukiipa jina itakuwa ya mtu mmoja. Iache hivyo hivyo." Kisha akawaambia wote waliokuwa pale, na Mzee Pazi ndiye aliyelichukua neno hilo akalitembeza mji mzima: "Asiye na chake ndiye mwenye cha wote."