Nani Avute Kitambaa cha Kisima?

Kaeni vizuri, na mwenye simu aiweke kando, maana kisa hiki kilianzia humo humo.

Pale Machungwani waliishi watu watatu. Siwema alikuwa na jicho kali, hata nukta iliyokosewa haikumpita. Mwalimu Hamdu, mstaafu, hakuwahi kutupa karatasi maishani. Nasra, binti wa chuo, alijua kuandika katika ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote aweza kuihariri.

Kamusi hiyo ilisema kisima cha Machungwani kilichimbwa na Mudiri Shamte, mtawala wa eneo hilo enzi za zamani. Siwema aliposoma, damu ilimchemka. Kisima kilichimbwa na wanawake kumi na tisa, wakiongozwa na mama yake, Bi Mchanga, aliyekufa mwaka jana akiitwa mwongo na wajukuu wenye simu. Na sasa halmashauri ilikuwa inaandaa kibao cha kuweka kisimani, na jina la mchimbaji imelitoa humo.

Siwema akasahihisha. Wahariri wakafuta: "mama aliniambia" si chanzo, na gazeti limemtaja Mudiri. Akalichukua gazeti hilo, akalinganisha tarehe na maneno. Kumbe gazeti lilinakili kamusi, kisha kamusi ikalifanya gazeti shahidi wake.

Lakini kuangusha uongo si kuthibitisha ukweli. Siwema akamwendea Mwalimu Hamdu, naye akafungua sanduku lake la karatasi, akatoa jarida la maendeleo la 1963, lenye majina kumi na tisa na picha ya Bi Mchanga ameshika sururu.

Nasra akaandika upya, akataja jarida, mwaka na ukurasa, akabishana na wahariri siku kumi na moja mpaka maneno yakabaki. Halmashauri ikabadilisha kibao.

Siku ya kukizindua, diwani akasema kitambaa kilichofunika kibao kivutwe na mtu mmoja tu, aliyelirudisha jina la Bi Mchanga. Siwema akanyoosha mkono. Ndipo Nasra alipomwambia, macho chini, "Shangazi, ile habari ya Mudiri niliiandika mimi, mwaka juzi. Niliisikia harusini, sikuuliza."

Siwema akamgeukia Hamdu. "Na wewe, Mwalimu, jarida ulikuwa nalo miaka yote?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Mama alikuwepo hapa mpaka mwaka jana," Siwema akasema. "Mlikuwa wapi?"

Akashusha mkono.

Bila jicho la Siwema, uongo ungesimama. Bila sanduku la Hamdu, ukweli usingekuwa na miguu. Bila Nasra usingesomwa, ingawa bila Nasra usingepotea. Diwani bado anasubiri, na kitambaa kinapepea.

Je, ninyi mlioketi hapa, mngempa nani akivute?